Mpangaji Aliyefuta Ushahidi Wake

Nitakayoandika hapa hamtayaamini, na wala sitawabembeleza. Nilikuwepo mwenyewe, nikaona kwa macho haya ambayo mpaka leo hayajui miwani, na bado kuna asubuhi naamka najiuliza kama sikuota. Ni habari ya mwanamke aliyetaka kutoka kwenye nyumba mbovu akawa anashindwa, kwa sababu kila alipotakiwa kuonyesha ubovu, aliusafisha kwanza.

Mwanamke huyo ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa. Jina la kuzaliwa analo, ila hotelini anakofanya kazi walimwita Kona, nasi nyumbani tukalichukua hilohilo. Alianza kama mtandika vitanda. Shuka akiitandika yeye, pembe ya chini anaikunja, anaivuta, anaikunja tena, inatoka kali kama bahasha ambayo haijafunguliwa. Sasa ni msimamizi wa vyumba. Wasichana wapya wanafika kwake wakidhani kutandika kitanda wanakujua, jioni wanarudi kwao kila mmoja anaifundisha familia yake. Mkono huo wa usafi aliurithi kwangu. Dada yangu akisikia hivyo hucheka mpaka anashika ubavu, lakini dada yangu ana wivu, tangu utotoni.

Mimi ni fundi rangi. Shule niliishia katikati. Si kwamba masomo yalinishinda, nilikuwa natembea haraka yakashindwa kunifuata. Lakini ukuta nausoma kama wengine wanavyosoma gazeti, na kuta za nyumba ya Kona nilianza kuzisoma vibaya tangu mwaka jana.

Alipopanga pale ilikuwa nyumba ya kujivunia. Ghorofa ya juu kabisa, vyumba viwili na sebule, jiko dogo lenye dirisha. Asubuhi jua lilikuwa linaingia chumbani kwa dada yangu kama mtu wa nyumbani, bila kubisha. Dada anaishi na bintiye kwa ajili ya kifua. Ana pumu ya siku nyingi. Alikuwa anavuta kiti mpaka dirishani, ananyoosha miguu juani, anawachungulia watu wa chini na kuwasema mmoja mmoja. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake, kuliko hata ile ya kuvuta.

Kisha kiwanja cha jirani kikapata tajiri. Jengo likaota, likapanda, likapanda tena, mpaka likaja kusimama mbele ya lile dirisha, karibu mno, ungeweza kuazima chumvi ng'ambo bila kushuka ngazi. Jua likakata mguu. Haukupita muda tangi la maji lililo juu ya paa nalo likaanza kuvuja, na maji yakajitafutia njia ndani ya ukuta. Plasta ikavimba. Rangi ikatoka malengelenge. Nyuma ya kitanda cha dada ukaota ukungu mweusi, ukatambaa taratibu kama mtu anayechora ramani ya nchi asiyoifahamu.

Dada akaanza kukohoa. Mwanzoni asubuhi tu, baadaye na mchana, baadaye akawa anakatiza sentensi katikati, na dada yangu hajawahi kukatiza sentensi maishani mwake. Daktari akamwambia Kona bila kuzungusha: "Mtoe mama kwenye unyevu huo kabla mvua hazijaanza. Zikianza akiwa bado humo, mimi sina dawa nyingine ya kumwongezea."

Kona akatafuta nyumba, akaipata. Chumba cha chini, kuta kavu, madirisha pande mbili. Mwenye nyumba ile, muuguzi mmoja mstaafu, akasema atamshikia mpaka Jumamosi, lakini hampokei mtu ambaye bado amefungwa na mkataba wa kwingine. Na Kona alikuwa amefungwa kwelikweli. Mkataba wake ulikuwa haujafika hata nusu, na mlango wa kutokea ulikuwa mmoja tu: mwenye nyumba akague, akubali mwenyewe kwamba nyumba haikaliki.

"Basi kazi imekwisha," nikamwambia. "Ukuta si unaonekana na kipofu? Mwite aje aone."

Mwenye nyumba tunamwita Mzee Funguo. Anakaa ghorofa ya chini ya jengo hilohilo, amefiwa na mkewe, na kiunoni ana fungu la funguo zinazomtangaza kabla hajafika. Si mtu mbaya. Ila ni mgumu wa maneno ya kuambiwa. Kwake yeye kitu kipo kama amekiona. Amejenga jengo lile tofali kwa tofali, na ukimwambia lina kasoro anakutazama kama umemtukania mtoto.

Alikubali kuja Jumatatu baada ya kazi. Nami nikapanda kushuhudia ushindi.

Nilipofungua mlango nilidhani nimekosea ghorofa. Nyumba ilikuwa inanukia limau. Ukutani ule ukungu haupo, umesuguliwa kwa dawa ya kufulia mpaka ukuta umekuwa mweupe kama meno ya mtangazaji. Lile doa kubwa la sebuleni ambalo halikusugulika limening'inizwa juu yake kitambaa cha maua. Kitanda cha dada kimetandikwa, kona zake mnazijua.

"Mwanangu, umefanya nini?"

"Mgeni anakuja, mjomba."

"Mgeni anakuja kuona uchafu!"

"Basi nimwache akute nyumba ilivyo? Aende akasimulie kwamba naishi kama panya?"

Kabla sijajibu, funguo zikasikika ngazini. Mzee akaingia, akavua kofia, akazunguka vyumba vyote mikono nyuma. Kona akimfuata, akieleza kwa sauti ya chini: hapa kuna maji, hapa ukuta umeoza, hapa mama analala. Mzee anatazama ukuta mweupe, anatazama kitambaa cha maua.

"Binti," akasema mwishoni, "nimeingia nyumba nyingi. Hii ndiyo nzuri kuliko zote nilizonazo. Unataka kwenda wapi?"

Akanywa chai, akaaga, akashuka. Nilitaka kulia kwa niaba ya ukoo mzima.

Jumatano akaitwa tena. Safari hii maji yalikuwa yanadondoka wazi kutoka darini, kona ya sebule, tone kwa tone. Nikajisemea, tone halisuguliki. Nafika, nakuta chini ya lile tone kuna chungu kipana, na ndani ya chungu mmea wa majani makubwa, umenawiri, unang'aa, kila tone likishuka jani linatikisika kidogo kama linashukuru. Kona alikuwa ameuweka ili ndoo isionekane.

Mzee Funguo akausogelea ule mmea, akashika jani moja.

"Huu umestawi! Unaumwagilia nini?"

"Dari," Kona akajibu, na alikuwa anasema kweli.

Mzee akacheka mpaka funguo zikalia. Akadhani ni mzaha. Aliposhuka alikuwa bado anajirudia peke yake, "Eti dari!" Na dada yangu chumbani akashikwa na kikohozi kirefu, Kona akakimbia kumshika mgongo, nami nikabaki sebuleni nikiuangalia mmea ambao ndio kiumbe pekee aliyekuwa na afya ndani ya nyumba ile.

Jioni hiyo nikamkalisha mpwa wangu jikoni.

"Kona, mwanangu. Unataka kuhama au hutaki?"

"Nataka, mjomba. Unadhani sitaki? Mama anapumua kama mlango mbovu, unadhani simsikii?"

"Basi usisafishe."

"Sawa."

"Uape."

"Nitajaribu."

"Sikukuambia ujaribu."

Akainamisha kichwa. Mikono yake huku ilikuwa inakunja taulo la vyombo, ikalinganisha pembe, ikalikunja tena. Nikaitazama ile mikono nikajua hakuna kiapo kitakachoifikia.

"Sijui nikuelezeje," akasema. "Nikijua mtu anakuja, mwili unaondoka wenyewe. Nakuja kushtuka nimeshapiga deki. Naona aibu, mjomba. Huyu mzee akiona ule ukungu, ataona mimi ndiye niliyeuotesha."

"Na hotelini ukikuta chumba kibovu, unaona aibu?"

"Aibu ya nini? Hotelini namwita aliyekiharibu."

Alisema hivyo kwa wepesi tu, akaendelea na taulo lake. Lakini mimi kichwani taa iliwaka. Wasomi huwa wanasema mawazo makubwa huja polepole, labda kwao.

Ijumaa nikashuka kwa Mzee Funguo nikamwambia Kona anamhitaji saa tisa. Kona nikamwambia mzee atakuja saa kumi na moja. Kazini anatoka saa tisa kasoro, hoteli iko karibu, na nguo za kazi huwa anabadilishia nyumbani. Mnaelewa? Ninyi mnaosoma mnaelewa. Wenye shahada wasingeelewa.

Nikafika mapema nikakusanya kila kitambaa cha kufutia, kila fagio, kila chupa ya sabuni, nikavisukumia chini ya kochi, kisha nikakaa juu ya kochi. Sikuhesabu dada yangu. Nageuka namkuta kashika mto, anauegemeza ukutani kuficha doa lililorudi tangu jana, anahema kwa kazi hiyo ndogo.

"Dada, hata wewe?"

"Mgeni anakuja."

"Nani kakuambia?"

"Umevaa shati safi," akasema. "Ukivaa shati safi kuna jambo."

Nikauondoa mto, akaurudisha. Nikauondoa tena, akaanza kukohoa, nikaona haya kupigana na mgonjwa nikamwachia. Alivuta na mapazia. Mzee Funguo alipoingia alikuta giza la staha, chai mezani, na bibi mwenye tabasamu. Akakaa, akanyoosha miguu.

"Nyumba hii inanipa amani," akasema. Nikaona Jumamosi inatuponyoka.

Mlango ukafunguka. Kona akaingia kama alivyo: sare ya bluu iliyopigwa pasi, nywele zimefungwa, fungu la funguo kiunoni, viatu vya mpira visivyopiga kelele. Akamwona mzee. Uso ukamshuka.

"Mzee wangu! Shikamoo, karibu, jamani samahani, nyumba..." Macho yake tayari yalikuwa yanatafuta kitambaa. Nilikuwa nimekikalia.

Nikasimama. Nikanyoosha shati. Nikatoa sauti ya watu wa mapokezi, ile ya puani, nikasema:

"Msimamizi! Mgeni wa chumba hiki yuko chini na mabegi yake. Tumpe ufunguo?"

Kona akanitazama. Nilidhani atanitukana. Lakini swali lile amelijibu kila siku ya kazi yake, na jibu lake halijawahi kutoka mdomoni kwanza. Nikaona mgongo unanyooka. Mkono ukaenda kiunoni wenyewe.

"Bado," akasema. "Ngoja nikikague."

Akaanzia mlangoni, kama anavyowafundisha wasichana wake: kwanza nuru, kisha juu, kisha kuta, kitanda, sakafu. Akafungua mapazia kwa mkupuo mmoja. Dirishani ukatokea ule ukuta wa jirani, kijivu, unaokaribia kuingia ndani.

"Chumba hakina jua. Nani alikubali mgeni apewe hiki?"

Mzee Funguo akaweka kikombe chini.

Akainua macho. "Dari inavuja. Huu mmea umewekwa kuficha. Uondoe." Nikauondoa haraka, maana ile haikuwa sauti ya mpwa wangu. Akashika kile kitambaa cha maua alichokining'iniza mwenyewe, akakivuta, kikadondoka. "Na nani kaficha hili? Ukificha doa unamdanganya mgeni, na unamdanganya fundi." Akaondoa mto wa dada. Doa likatokea lote, lenye nywele kwa pembeni.

"Mzee, njoo hapa. Weka kiganja."

"Binti, mimi..."

"Kiganja."

Mzee akaweka kiganja ukutani. Akakitoa. Akakitazama. Kilikuwa kimelowa, na rangi nzuri niliyoipaka mwenyewe imekibandukia kama ngozi ya maziwa.

Kona akamwongoza chumbani. Sisi nyuma, kama wanafunzi. Akapiga goti kando ya kitanda cha dada, akafumua ile kona aliyoikunja mwenyewe alfajiri, akainua godoro. Wallahi nilikuwa sijui. Upande wa chini wote ulikuwa mweusi kwa madoa, na yalikuwa mengi zaidi pale kinapolala kichwa.

"Anayelala hapa ni nani?" Kona akauliza, macho kwenye godoro.

"Mimi," dada yangu akajibu kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyevunja sahani.

Kona akabaki ameshikilia lile godoro. Hakuligeuza, hakulirudisha. Kisha akasema taratibu, "Chumba hiki hakitoki. Hata kwa usiku mmoja. Mgeni mwambieni chumba hakuna."

Kisha akasikia alichokisema. Mabega yakalegea, akawa tena mtoto wa dada yangu, akaanza kurudisha shuka huku machozi yanamtoka. "Nisamehe, mzee wangu. Nimekupigia kelele nyumbani kwako."

Mzee Funguo alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, kiganja bado wazi.

"Kwa nini hukunionyesha hivi tangu Jumatatu?"

"Ningekuonyeshaje? Ulikuwa mgeni wangu."

"Mgeni gani, binti? Uchafu huu ni wa kwangu." Akamgeukia dada. "Na wewe mama yangu, hiki kikohozi ninachokisikia kikishuka ngazi kila asubuhi, nilikuwa nasema ni moshi wa magari."

"Nami nilikuwa nasema ni uzee," dada akajibu.

"Uzee tuachie sisi wanaume," mzee akasema, na wote wawili wakacheka, yeye kwa koo, dada kwa kukohoa.

Hakuleta ubishi. Alikaa kidogo, akaangalia kuta alizozijenga, nami nilimwonea huruma, maana namjua mtu anayependa ukuta wake. Kisha akaomba mkataba na kalamu, akaandika kwa mkono wake kwamba amekagua na nyumba haikaliki, akaweka sahihi, nami nikaweka yangu kama shahidi, ndefu, yenye mikia. Pale mlangoni akageuka.

"Binti, kabla hujavua hiyo sare. Unaweza kushuka unikagulie na changu?"

Akashuka. Nyuma ya kabati la marehemu mkewe akakuta ukuta umelowa vilevile, akamfokea mzee wa watu mpaka akaahidi kulileta tangi chini wiki hiyohiyo na kukihamishia kitanda chake chumba cha mbele. Alisimama kuangalia mpaka kikahamishwa. Nilibeba upande mmoja.

Jumamosi tukahama. Ninapoandika haya nimekaa mezani kwake kwenye nyumba mpya, Kona yuko nyuma yangu anapiga pasi, anajifanya haoni ninachoandika. Nje dirishani dada ametoka juani na kiti chake, anamsema muuza magazeti. Na niwaambie jambo moja ambalo daktari mwenyewe hakuliamini aliposikia: usiku wa kwanza humu ndani dada yangu hakukohoa hata kidogo, alilala kama kichanga, na alfajiri akaamka akafungua madirisha yote kwa mpigo, akavuta pumzi moja, akaanza kuimba, akaimba beti zote, majirani wakatoka nje na mashuka wamejifunga, wakamshangilia, na mwanamume mmoja akataka hata kumpo...

"Mjomba. Mwanamume gani? Mama alikohoa mara mbili, akaniambia nizime taa, akalala."